Ezira, Waya wa Tatu Niliukata Mimi

Ezira ndugu yangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuuliza hali, halafu mwenye kuandika anasema yeye ni mzima, hofu ni kwa yule aliye mbali. Hali yako naijua. Yangu ndiyo haijulikani, na ndiyo maana nimekaa hapa kwenye meza ya kazi, kati ya redio mbili zisizo na sauti, nikuambie.

Neno lenyewe ni fupi. Ile mashine haikuwa na dawa ya kulogea. Wewe hukuwa na dawa. Waya wa tatu niliukata mimi, na nilipojua kwamba hiyo ndiyo sababu ya watu kupigwa na umeme, nilinyamaza mpaka ukafukuzwa. Nimeliweka mwanzoni ili nisipate nafasi ya kulizunguka. Unanijua: mimi ni mtu wa kufungua skrubu kumi kabla ya kugusa ile iliyoharibika.

Mashine ilitufikia kwa mtumbwi wa mota, imefungwa ndani ya godoro kama mgonjwa. Ordinatere, wa ng'ambo ya ziwa wanaiita kompyuta, na sisi kwenye biro, yaani ofisi, ya afya ya kanisa tuliiita mashine tu, maana haikuwepo nyingine ya kuchanganya nayo. Vita ilikuwa haijaisha, ila ilikuwa imekaa chini kidogo kupumua. Akina mama walianza kupita tena na samaki wa Lweba, na wewe ukashuka kutoka milimani, kwenu kwa wafugaji, na mkoba wa karatasi na mabote yako ya mpira, ukasema kanisa limekutuma kuandika ripoti za chanjo. Mama Sikitu, mwenye kuosha biro na kupika chai, alikuangalia kutoka mabote mpaka kofia akasema, "Huyu atatuandika sisi bote, tutajikuta ku liste ya ng'ombe yake." Ulicheka mbele yetu sote. Hapo ndipo nilikupenda.

Kazi ya kuiwasha walinipa mimi, na nani mwingine? Umeme nilijifunza Lulimba, kwa redio za wachimba dhahabu, bila mwalimu, kwa kuunguza. Kila kitu nilichokijua kilikuwa na nyaya mbili: mmoja unaleta, mwingine unarudisha. Sasa fishi ya mashine, ile sehemu inayoingia ukutani, ilikuwa na meno matatu manene ya mraba, na tundu zetu za ukutani ni zile za zamani za Wabelgiji, mbili, za duara. Nikafanya tunavyofanya sote huku. Nikakata fishi nikaitupa, nikavua nyaya, nikaingiza mbili kwenye tundu mbili na kuzibana kwa vijiti vya kiberiti. Wa tatu, ule wa njano na kijani, ukabaki unaning'inia. Nikaukata karibu kabisa na ngozi ili usiharibu sura ya kazi.

Uliinama ukaokota kipande. "Fundi, huu nao kazi yake nini?"

"Huo ni wa akiba."

"Kumbe bazungu hata waya banawekea akiba," ulisema, na ukaenda nacho kufungia mkoba wako badala ya kifungo kilichokatika. Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi, kwa sababu nilikuwa sijui jibu na hakuna aliyegundua.

Halafu nikaongeza la pili, la kujionyesha tu. Mkubwa wa biro, Pasta Mlasi, aliniuliza mashine inapenda nini na inachukia nini. Sikujua inapenda nini. Nikasema inachukia vumbi. Kufika kesho yake sheria ilikuwa imebandikwa mlangoni: viatu vinabaki nje. Mama Sikitu akaanza kuosha sakafu asubuhi na mchana, sementi inang'aa maji, na sisi wote tunatembea pekupeku, Pasta mwenyewe na soksi zake mfukoni. Wewe peke yako uliachiwa mabote. Kidonda cha mguu ulichokipata mkikimbia msituni kilikuwa hakijafunga, na muuguzi alisema kisiguse chini. Kila asubuhi uliyafuta kwa kitambaa, ukainua mguu mmoja, halafu wa pili, tuone nyayo, kama mtoto anayeonyesha mikono kabla ya kula.

Ukiangalia vizuri, Ezira, kila kitu nilikuwa nimeshakipanga mimi: waya umekatwa, miguu imevuliwa, sakafu imelowa, na mtu mmoja tu ndiye mwenye mpira miguuni. Hata adui yako asingepanga vizuri hivyo. Na mimi nilikuwa rafiki.

Wa kwanza alikuwa Mama Sikitu. Alikuwa anapangusa kile kisanduku cha chuma kwa kitambaa kibichi. Alirudi nyuma hatua tatu, akakiangalia, akasema polepole, "Weye. Na mi njo nakuoshaka kila siku." Nikamwambia ni joto la mashine mpya, litapita. Muuguzi naye akapigwa. Mimi nilipigwa mara mbili na sikusema, fundi hapigwi. Kila jenereta ilipowashwa nyuma ya nyumba, mtu fulani ndani alitikisa mkono na kuulizana na vidole vyake.

Pasta Mlasi si mtu wa kuamini ovyo, hilo nalisema kwa haki yake. Alisema tu tuiombee, kwa vile imetoka mbali na hatujui imepitia mikono gani. Akaweka kiganja juu ya chuma, akafumba macho, akafika kwenye "kwa jina la", na mkono ukaruka wenyewe. Jenereta inanguruma. Mama Sikitu akanong'ona kwa sauti ambayo hata jenereta haikuishinda, "Imekataa jina."

Hapo wewe, kwa wema wako, ukajiharibia. Ulitaka kumwondolea mzee aibu. "Hapana, Pasta, haina kitu, angalia," ukasema, ukaweka mikono yote miwili juu yake. Ukaegemea. Uliegemea kama mtu anayeegemea mlango wa kwao, ukatabasamu ukitungojea na sisi tutabasamu.

"Mashine inamujua mwenyewe."

Sijui nani alilisema kwanza, kwamba mwenye mashine ni wewe. Kufika sokoni neno lilikuwa limeshapata miguu. Mtu wa kule juu anailisha mashine dawa. Mtu wa kule juu anatuma habari zetu milimani kwa mashine, na mashine yenyewe, unajua, haikuweza kutuma hata karatasi moja chumba cha pili, kwa sababu ile ya kuchapisha haikuwa na wino. Nikuambie kitu nilichokiona wakati ule ule na kukimeza. Ungekuwa Mubembe mwenzangu, wa huku chini ziwani, mtu angeuliza umevaa nini miguuni. Kwa kuwa ulikuwa wa juu, waliuliza una nini moyoni.

Ulikuja kwangu siku ya soko. Ulikaa kwenye ile ndoo iliyopinduliwa, ukashika redio ya mtu, ukazungusha kitufe chake bila kusikiliza. Uliniambia, "Fundi, kosa ya mashine, itafute. Itafute mbiyo. Banaanza kunisalimia vizuri sana."

Nilielewa. Tuliokaa huku miaka hii tunajua salamu nzuri sana inakuja kabla ya nini. Nikakuahidi.

Na niliitafuta, hilo usilikatae. Jumamosi biro ikiwa imefungwa niliomba ufunguo, nikawasha jenereta, nikabaki mimi na mashine. Nilikuwa na ile bisibisi yenye taa ndogo ndani, unagusisha, ikiwaka kuna umeme. Kibodi: hamna. Televisheni yake: hamna. Chuma cha kisanduku: taa ikawaka, hafifu, rangi ya chungwa, kama jicho la mtu anayejifanya amelala. Nikaweka kiganja pekupeku nikapigwa. Nikasimama juu ya ubao, sikupigwa. Nikamwaga maji, nikashuka, nikapigwa hadi kwenye kiwiko. Nikaenda mlangoni, nikavaa viatu vyangu vya soli ya mpira, nikarudi, nikagusa. Hakuna kitu. Nikaegemea. Hakuna kitu. Nilikuwa nimeegemea vile vile ulivyoegemea wewe.

Nikakaa chini kwenye maji.

Bado nilikuwa sijajua umeme unatoka wapi, kwa hiyo nikazima, nikafungua kisanduku. Ndani, nyaya tatu zinaingia kwenye boksi la umeme. Mbili zinapotea kwenye kazi zake. Wa tatu, wa njano na kijani, haupotei popote: umefungwa kwa skrubu kwenye chuma chenyewe cha kisanduku, kwa makusudi, na pembeni yake kuna kialama, mstari unaoshuka halafu mistari mitatu inayopungua chini yake. Kialama hicho nilikuwa nimekiona. Nilikuwa na kitabu kilichochanika cha Kifaransa cha friji, nilikuwa nakisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi. Nikakimbia nyumbani nikakifungua. Terre. Udongo.

Ni rahisi, Ezira, kuliko uchawi. Mashine hizi huvujisha umeme kidogo kwenye chuma chao, ndivyo zilivyoundwa. Waliozitengeneza wakaupa umeme huo njia, ule waya wa tatu, ushuke udongoni ukalale. Mimi nikaikata njia, nikaiita akiba. Umeme ukawa unamngoja mtu mwenye miguu mitupu na sakafu yenye maji, upite kwake.

Sasa aibu yenyewe, nisiipunguze. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa wewe. Kilikuwa furaha. Nimeipata, peke yangu, bila shule. Cha pili kilikuwa hofu: nimeipata, na ni mimi. Juma lile kanisa lilikuwa linataka kunikabidhi friji za chanjo na taa za vituo vyote, kutoka hapa mpaka Kazimia. Nani anampa friji za chanjo mtu asiyejua kazi ya waya? Wewe ulikuja wa tatu. Nikasema: Jumatatu. Jumatatu nitafukia chuma nyuma ya nyumba, nitaunga waya kimya kimya, jambo litaisha lenyewe na hakuna atakayeulizwa.

Jumatatu Pasta akaita mkutano, na wewe ukaambiwa ungoje nje kwenye benchi.

Hukuwahi kujua kilichosemwa mule ndani, kwa hiyo nakuandikia neno kwa neno. Pasta hakuanza na wewe. Aliniangalia mimi akasema, "Fundi, mbele tuseme maneno ya mutu, tuambie ya waya. Iko kosa ku waya?" Alinifungulia mlango wote, ubao na fremu. Nilikuwa na jibu mfukoni, nilikuwa nimelichora hata kwenye karatasi. Kupitia dirishani niliona kofia yako.

Nikasema, "Upande wa waya, Pasta, kila kitu iko bien."

Bien. Nilitia Kifaransa ili lionekane la kifundi.

Yaliyobaki hayakuchukua muda. Pasta alitoka akakuambia upumzike nyumbani mpaka mambo yapoe, na sote tulijua mambo ya namna ile hayapoi. Hukubishana. Ulipita kwa kila mtu ukampa mkono, hata Mama Sikitu, ambaye aliufuta wake kwenye kitenge baadaye. Ulipofika kwangu ulinishika kwa mikono miwili. "Endelea kuitafuta," ulisema. Nami nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kazi.

Ningeishia hapo ningekuwa mwoga tu. Nilifanya kingine, nacho kilitoka kwenye wema, kama una nafasi ya kucheka huko cheka. Majuma mawili baada ya wewe kupanda kwenu milimani, niliona watoto wa chanjo wanaingia biro pekupeku na mama zao, nikaogopa. Siku umeme ukivuja sana, mtoto atakufa. Nikamwambia Mama Sikitu namwekea nguzo ya kuanikia vitambaa. Nikachimba nyuma ya dirisha, nikafukia nondo ndefu, nikajaza makaa na chumvi na maji ili udongo upokee vizuri, nikapitisha waya chini ya fremu mpaka kwenye mashine. Nguzo ikapata kamba yake juu, na chini ikapata kazi yake ya kweli. Niliunga vizuri, Ezira. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mama Sikitu alipangusa kisanduku kwa kitambaa kibichi, akangoja, akapangusa tena. Akawaita wote. "Munaona? Alienda, imetulia."

Sikuwa nimefikiria hilo. Naapa sikuwa nimefikiria. Nilidhani natengeneza, kumbe nilikuwa natia muhuri. Mpaka siku ile kulikuwa na watu waliokuwa na mashaka, muuguzi alikuwa na mashaka, Pasta alikuwa halali vizuri. Baada ya nguzo yangu hakuna aliyebaki na shaka. Jumapili Pasta alimshukuru Mungu mbele ya kanisa lote kwa kuiponya mashine, na mimi, katika mstari wa tatu, nikasema Amina pamoja na wengine. Friji nilipewa.

Ikapita miezi. Kila nilipokukumbuka nilijiambia uko kwenu, una mama, una mlima wenye baridi nzuri, mambo ya huku umeyasahau. Mtu akitaka kulala hupata mto.

Halafu dada yako Nyamahoro akashuka na viazi, akaulizia sokoni ni wapi kwa fundi Wilondja. Alikaa kwenye ndoo ile ile. Aliniambia homa ilikushika, wanaume wanne wakakubeba kwa kipoyi, ile machela ya miti, wakafika kwenye njia panda. Upande mmoja Baraka, huku kwetu, nusu siku, ambako kuna vitanda na serumu ya mshipani na muuguzi anayekujua. Upande wa pili kituo kingine, siku mbili. Uliwaambia, "Hapana Baraka. Musinipeleke kwa bantu benye kuniogopa." Wakabishana, ukakataa, wakageuka. Siku ya kwanza haikuisha nawe ukiwa hai.

Aliniambia bila kulia, alikuwa ameshamaliza. Mimi nilikuwa nimeshika koleo na sikuweza kuliweka chini. Kisha akasema kilichomleta. Alikuja kunishukuru.

"Alikuwa anasema, kule chini mutu moja tu hakumusema mubaya. Ni weye."

Akashika mkono wangu, Ezira. Nikauacha ushikwe. Ilikuwa ndiyo saa, hakukuwa na Pasta wala mkutano, alikuwepo dada yako na mimi, na nilichosema ni "Pole sana, dada." Aliniambia pia kwamba mama yenu anaamini ulifanya jambo huku ukamficha. Hamwulizi mtu. Ila siku za kilio baadhi ya majirani hawakufika, kwa sababu habari za dawa zilipanda mlima haraka kuliko wewe, na mama aliona nani hayupo.

Alipoondoka nilitandaza kitambaa juu ya redio zote nikakaa. Unaweza kumdanganya aliye hai, atajitetea mwenyewe siku moja. Lakini kumwachia maiti jina baya, na kupokea shukrani zake juu yake, hapo nilishindwa hata kujitungia uongo, na mimi kwa kujitungia si mtu mdogo.

Kwa hiyo nilienda kwa Pasta nikamwambia yote. Na unajua alisema nini? "Fundi, nakuelewa. Unamlilia rafiki yako. Usijitwishe." Mama Sikitu, aliyekuwa anasikiliza akijifanya anafuta dirisha, akasema, "Unamutetea maiti. Ni muzuri. Lakini miye nilipigwa." Niliona jinsi nilivyokuwa fundi mzuri wa uongo: nilikuwa nimeujenga imara hivi kwamba mwenyewe sikuweza kuubomoa.

Nikaomba kitu kimoja. Wote waliokuwa kwenye mkutano ule waje Jumatano saa nne asubuhi, jenereta ikiwaka, pekupeku, sakafu ikiwa imeoshwa.

Walikuja, kwa udadisi. Nikawaonyesha nguzo na waya unaopita chini ya dirisha. Nikaufungua. Nikamwomba Pasta aguse. Aligusa kwa kidole kimoja, bila kuomba safari hii, na mkono ukaruka. Nikaunga. Akagusa, hakuna kitu. Nikafungua, akapigwa. Nikaunga. Mara ya tatu alikataa, akasema ameelewa, na akakaa kwenye kiti chako bila kuangalia ni cha nani.

"Na Ezira?" Mama Sikitu akauliza. "Yeye juu ya nini hakupigwa?"

Nilikuwa nimeazima mabote ya mpira kwa mlinzi wa stoo. Nikayaweka mbele yake, akayavaa. Yalimfika magotini. Nikafungua waya, nikarudi nyuma, nikamwacha. Aliweka kidole. Akaweka mkono. Akaweka na wa pili, akasimama hivyo muda mrefu, mikono yote juu ya chuma, akitungojea.

"Basi na miye tena mulozi," alisema.

Nilidhani atanigeukia mimi, na nilistahili kutukanwa. Hakunigeukia. Alisema tu, kwa mashine, "Alikuwa ananichoteaka maji," akavua mabote, moja, jingine, akatoka nyuma. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na chai haikupikwa siku ile.

Pasta aliandika barua ya kupelekwa kwenu, yenye muhuri wa biro. Aliandika kwanza kwamba palikuwa na kosa la mashine. Nikamwomba abadilishe, aandike kosa la fundi, na jina. "Kusema mashine inatosha," aliniambia kwa upole, "hatutafuti kumwaibisha mtu." Nikamwambia aliyeaibishwa tayari yuko chini ya udongo, na mashine haina jina la kuharibika. Akachana ya kwanza, akaandika ya pili. Imeandikwa kwamba Wilondja, fundi, alikata waya, alijua, na aliulizwa akaficha. Na kwamba Ezira hakuwa na kosa lolote katika biro hii. Funguo za friji nilizirudisha siku ile ile. Sikuambiwa nizirudishe, na sikuambiwa nibaki nazo.

Mengine ya kukupa habari ni machache. Karatasi ya viatu imetolewa mlangoni, watu wanaingia na vumbi lao na mashine haijalalamika. Msichana mmoja kutoka Kazimia ndiye anayeandika ripoti, kwa vidole viwili, anaziwinda herufi kama anafukuza kuku. Faili za chanjo bado zinafunguka na jina lako kwenye pembe. Aliuliza alifute. Pasta alisema liache.

Sokoni wapo walioelewa, na wapo wanaosema nimelipwa na watu wa juu kusema hivyo. Hao sitawashinda kwa nondo wala kwa chumvi. Lakini si wao ninaowafikiria.

Alhamisi napanda kwenu. Nyamahoro atashuka na viazi, nitapanda nyuma ya kundi lake la wauza viazi. Njiani nitamwambia yeye kwanza, kabla njia haijaanza kuinuka, ili akitaka kuniacha aniache bado niko karibu na kwetu. Huku wananionya kwamba Mubembe hapandi kule nyakati hizi. Huenda na kule watu wanaambizana hivyo hivyo juu yetu. Naogopa, sikufichi, na si bunduki peke yake ninazoziogopa. Naogopa uso wa mama yako unavyoweza kufanana na wako.

Dada yako alinieleza kwamba mgeni kwenu haulizwi lililomleta mpaka ameshapewa maziwa. Ni desturi nzuri, na ingenifaa sana mimi mtu wa kuchelewesha. Sitaitumia. Nitasimama mlangoni, kabla mama yako hajainua kibuyu cha maziwa, nitasema jina langu na nitasema nilichofanya, yote, pamoja na lile neno bien, na majirani ambao hawakufika kwenye kilio nitaomba waitwe wasikie. Barua ya Pasta itasomwa baadaye, kwa wanaotaka muhuri. Akishasikia, akinipa maziwa nitakunywa. Asiponipa, nitashuka na kiu yangu mpaka ziwani.

Pumzika, Ezira. Kutafuta kumekwisha. Kubeba ndiyo kumebaki, na ni kwangu.

Wilondja
Baraka